Karatasi Niliyoidai Kabla ya Kuinua Mkono

Nyinyi mnaoanza kazi mwaka huu kwenye majiko ya shule, na nyinyi mliopata kazi ya kufagia madarasa au kuwavusha watoto barabara, nawaandikia nikiwa nimeshavua aproni. Kwa miaka ishirini na mitatu nilipika chakula cha mchana katika shule moja ndogo ya msingi hapa Winson Green, mjini Birmingham, Uingereza, mitaa miwili kutoka ukuta wa gereza. Sikusoma sana. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, kwetu Taita, Kenya, na sababu yake nitaieleza. Kwa hiyo msitarajie maneno makubwa. Nitawaambia niliyoyaona nikiwa na upawa mkononi, na swali moja nililouliza wakati shule yetu ilipokuwa karibu kukabidhiwa kwa watu wengine.

Nianze na pipa la mabaki.

Aliyenifundisha kazi ni Bi. Doroti, mzaliwa wa Jamaika, mpishi mkuu aliyekuwa katika jiko lile tangu kabla sijajua kuna mji unaoitwa Birmingham. Wiki yangu ya kwanza alinipa nafasi ya kugawa chakula. Nikagawa kama tunavyogawa nyumbani akija mgeni. Kwetu, kumpa mtu sahani yenye nafasi tupu ni kumwambia hukutaka aje, kwa hiyo nilijaza mpaka mchuzi ukagusa ukingo. Watoto wa miaka mitano waliondoka kwenye kaunta wakitembea polepole kama waliobeba maji. Bi. Doroti aliniacha siku mbili. Siku ya tatu alininyang'anya upawa, akanipeleka pale watoto wanapokwangua sahani zao baada ya kula.

"Simama hapa wiki nzima," akasema. "Usiangalie sahani zinazokwenda. Angalia zinazorudi."

Nilidhani ni adhabu. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimejifunza kuliko ambavyo ningejifunza kwa mwaka mzima nikiwa nyuma ya kaunta. Karoti zikikatwa duara hurudi, zikikatwa vijiti huliwa. Samaki akimwagiwa mchuzi juu hurudi. Mchuzi ukiwekwa kando, analiwa. Mtoto ambaye kila Jumatatu sahani yake inarudi imefutwa kama iliyooshwa, huyo Jumamosi na Jumapili hakushiba. Mwongezee kijiko bila kumtangaza. Na mtoto aliyekuwa akila vizuri, kisha ghafla akaacha, usibaki nalo moyoni. Nenda kamwambie mwalimu wake siku hiyo hiyo. Habari nyingi za shule hufika kwenye pipa kabla hazijafika ofisini.

Kosa langu la pili lilichukua muda zaidi kuonekana. Nilikuwa nawatanguliza wadogo kwenye foleni na kuwapa vipande vizuri, wakubwa wa darasa la sita wanafuata. Sikupanga hivyo, mikono yangu ndiyo ilivyozoea. Nyumbani kwetu mkubwa hula mwisho, tena anakula ukoko. Siku moja msichana mmoja wa darasa la sita, mrefu, mwenye nywele zilizosukwa, aliweka trei yake mbele yangu akaniuliza, "Misi, sisi tumekukosea nini? Kila siku tunapata vipande vilivyoungua."

Bi. Doroti alicheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikwenda stoo nikajifanya natafuta chumvi.

Baada ya Bi. Doroti kustaafu mimi ndiye niliyeshika jiko, nikiwa na msaidizi wangu, Fatuma, mwanamke wa Unguja mwenye ulimi mkali na mikono mizuri ya kupika. Mambo yalikuwa yamebadilika. Zamani tulimenya viazi kwa kisu tukiimba. Baadaye ikaja mashine, na kelele yake ikamaliza nyimbo. Ukutani tulibandika picha za watoto wasioweza kula karanga, maziwa au mayai, nami nawasisitizia, jifunzeni nyuso zile kabla ya kujifunza tanuri. Upawa wa nyama ya halali tuliufunga utepe wa kijani mpinini, na haukugusa sufuria nyingine. Fatuma aliulinda kuliko pochi yake. Siku moja mwalimu mgeni aliuchukua akorogee chai. "Mwalimu," Fatuma akamwambia, "hata mume wangu haruhusiwi kuugusa huo, na yeye nimezaa naye."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wafanyakazi walinichagua niwawakilishe katika bodi ya shule. Hapa mjumbe wa bodi ya shule anaitwa gavana, kama mkuu wa kaunti kwetu. Nilipompigia simu mdogo wangu Mwadime, aliyebaki Taita, akapiga kelele, "Dada! Gavana? Msafara wako una magari mangapi?"

"Nina toroli moja la sahani," nikamwambia, "na gurudumu moja limekwama."

Lakini kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Shule ilikuwa inapungua. Familia zilikuwa zinahama kwa sababu ya kodi za nyumba, na darasa la mwanzo mwaka ule lilikuwa na watoto kumi na wanne tu. Paa lilivuja ukumbini. Mwalimu mkuu wetu, Bi. Hughes, alikuwa akifundisha darasa la nne asubuhi na kuongoza shule mchana, na macho yake yalikuwa mekundu kila nilipompelekea chai. Alituambia wazi kwamba tukibaki peke yetu, huenda shule ikafungwa. Na ikifungwa, watoto wangesambazwa kwenye shule nne au tano, popote palipo na kiti.

Njia nyingine ilikuwa kujiunga na trasti. Trasti ni shirika moja linaloongoza shule nyingi kwa pamoja. Ukijiunga, halmashauri ya jiji haikuongozi tena. Wenye trasti ndio wanaoamua nani anafanya nini, wapi, na kwa utaratibu gani. Ukishaingia, kutoka si jambo rahisi. Bodi yetu ilikuwa na watu tisa, wanne walikwishasema wanataka, na wanne hawataki.

Nami sikutaka. Nitasema ukweli, sikutaka kwa ajili ya jiko langu. Nilisikia kwamba shule za trasti ile huletewa chakula kwa gari kutoka jiko kuu moja.

Trasti ilitualika tukaone shule yao mojawapo, upande wa Kings Heath. Mtu wao aliyetupokea, Bwana Pelham, alikuwa mrefu na mpole, na alituonyesha chati ukutani moja baada ya nyingine. Kengele ya chakula ilipolia nikamwomba radhi.

"Naomba nikasimame kwenye pipa lenu la mabaki," nikasema.

Akanitazama. "Pipa?"

"Ndiyo, bwana. Pale wanapokwangua sahani."

Wenzangu walitazama viatu vyao. Lakini alinipeleka.

Nilisimama pale nikitafuta ubaya, msinihukumu. Nilitaka kuona kile chakula cha gari kikirudi, niende Winson Green nikaseme, si niliwaambia? Sahani zikaanza kuja. Zilikuwa tupu. Karoti zimeliwa, samaki ameliwa, hata maharagwe. Watoto walikuwa wanacheka, wakipanga vijiko bila kuambiwa. Nikahisi kama mtu aliyekwenda kwa jirani kutafuta uchafu akakuta pameng'ara.

Kisha sahani moja ikaja imejaa. Aliyeibeba alikuwa mvulana wa miaka mitano hivi. Hakuwa amegusa kitu. Mama aliyekuwa akiwasimamia watoto mezani alimwinamia, akamsemesha kwa upole, mtoto akatikisa kichwa.

"Anaumwa?" nikauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa anakaa na dada yake, ndiye anayemkatia nyama. Mwaka huu darasa la tano na la sita wamehamishiwa jengo letu jingine, ng'ambo ya barabara kuu. Tangu Septemba anatupa tabu kidogo. Atazoea."

Sikusikia chochote zaidi katika ziara ile. Nilirudi ndani ya basi nikiwa nimebeba sahani ile moja kichwani.

Mkutano wa uamuzi ulifanyika ukumbini saa kumi jioni, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Tulikaa kwenye viti vya watoto kwa sababu vya wakubwa vilikuwa vimelowa upande ule paa lilipovuja. Bwana Pelham alikunja miguu mpaka magoti yakakaribia kidevu. Alieleza kila kitu vizuri: walimu watasaidiana na wa shule nyingine, paa litatengenezwa, Bi. Hughes hatakuwa peke yake tena. Mwenyekiti wa bodi akauliza kama kuna swali.

Mnajua tunavyolelewa. Mbele ya waliosoma, asiyesoma hunyamaza, na tunaita hiyo adabu. Nilikuwa nimenyamaza katika mikutano ya mwaka mzima. Siku ile nikainua kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Bwana Pelham, tukijiunga, watoto wetu wakubwa watahamishwa ng'ambo ya barabara?"

Akatabasamu. "Hatuna mpango huo, Bi. Wakesho."

Maneno yale nilikuwa nimeyasikia zamani.

Baba na mama yangu walikufa kwa ugonjwa, miezi miwili baina yao. Tulibaki wanne. Mimi niliyekuwa kidato cha kwanza, Mwadime, Mkamburi, na mtoto wa mwisho, Mghoi, mwenye miaka minne. Baada ya mazishi ya mama, jamaa walikaa kikao uani kuamua nani atamchukua nani. Nilisimama mlangoni, Mghoi mgongoni, nikasikiliza tukigawanywa kama vyombo. Nikaingia katikati ya wazee, jambo ambalo msichana halifanyi, nikasema nitaacha shule, nitalima, nitapika, watoto wabaki nyumbani kwetu. Wazee wakatazamana. Mjomba wangu, mtu mwema, akasema, "Vizuri, mwanangu. Hatuna mpango wa kuwatenganisha."

Nilimshukuru kwa kupiga magoti. Sikuuliza zaidi. Ningeulizaje zaidi? Mkubwa ameshasema.

Kabla ya mwaka kwisha alikuja na mkewe kutoka Mombasa. Hawakuwa na mtoto. Walimchukua Mghoi akiwa amevaa gauni langu lililokatwa. Mjomba hakuwa amesema uongo. Siku ile uani, kweli hakuwa na mpango. Mpango ulikuja baadaye, na hakukuwa na kitu cha kuuzuia.

Kwa hiyo nilimwambia Bwana Pelham: "Sikuulizi kuhusu mpango wa leo, bwana. Wewe ni mtu mzuri, lakini kesho unaweza kuhama kazi. Naomba iandikwe. Madarasa yote saba, la mwanzo hadi la sita, yabaki chini ya paa moja. Na mdogo apate nafasi pale alipo ndugu yake. Na yeyote atakayetaka kubadilisha hayo, awaulize wazazi na bodi kwanza, kwa maandishi."

Mzee mmoja wa bodi, aliyekuwa akipinga, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mama wa jikoni ndiye wa kwanza kuuliza kitu mwaka huu."

Bwana Pelham akasema hana mamlaka ya kuahidi, itabidi akaulize wakubwa wake.

"Kaulize," nikamwambia. "Mimi nitasubiri. Nimezoea kusubiri sufuria."

Tuliahirisha. Wiki tatu baadaye alirudi na ukurasa mmoja wenye sahihi. Mwenyekiti alinionya kwamba karatasi si ukuta, inaweza kuvunjwa na anayetaka kuivunja. Nikamjibu kwamba naelewa, lakini anayeivunja atalazimika kuivunja mbele ya watu.

Kabla ya kura, Bwana Pelham akanigeukia. "Kuna jambo lingine ungependa tuandike, Bi. Wakesho?"

"Hakuna," nikasema. "Ahsante."

Waliokubali wakaombwa wainue mikono. Minne ikapanda. Niliutazama ukumbi ule, meza zile zilizokunjwa ukutani, dirisha la jiko langu na pazia lake la chuma lililoshushwa. Mkono wa tano ulikuwa wangu.

Fatuma alikuwa ananisubiri jikoni, amevaa koti.

"Enhe?"

"Tumejiunga."

"Na jiko je?"

Hapo ndipo nilipotambua. Si kwamba nilisahau kwa haraka. Halikunijia kabisa. Nilikuwa nimeulizwa waziwazi, mdomoni, kama kuna lingine, nami nikasema hakuna.

"Watoto umewaulizia, barabara umeiulizia," Fatuma akasema, akihesabu kwa vidole. "Miye na weye je? Ulimi ulikuwa nao kinywani au uliusahau kwenye sufuria?"

"Fatuma..."

"Usiniite. Jitu zima limekwenda kugawa, likajisahau lenyewe na mwenziwe!"

Hakunisemesha mpaka muhula ukaisha. Tulipika pamoja kila siku, akinipa chumvi kabla sijaiomba, bila neno.

Jiko lilifungwa baada ya mwaka mmoja. Trasti haikuvunja ahadi yoyote, kwa sababu hakukuwa na ahadi. Chakula kikaanza kuja kwa gari, kizuri tu, nilisimama kwenye pipa nikaona. Fatuma alipata kazi katika jiko la shule nyingine huko Alum Rock. Mimi umri wangu ulikuwa umefika, nikastaafu. Siku ya mwisho Fatuma alikuja na kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Ulikuwa upawa wa Bi. Doroti, ule mkubwa wenye mpini ulioungua.

"Nimeuiba," akasema. "Kwenye ile karatasi yako huu nao hukuuandika."

Kisha akaketi, akala pilau yangu sahani mbili, na tangu siku hiyo tunasemezana kama zamani.

Vijana, sijutii mkono wangu. Lakini nawaambia nikimkumbuka yule msichana wa darasa la sita aliyepewa vilivyoungua: aliye nyuma ya kaunta naye yumo kwenye foleni. Mkiulizwa kama kuna lingine, msijibu haraka. Hesabuni walio mezani, kisha mjihesabu.

Karatasi ile ilifanya kazi yake. Miaka miwili baada ya kura, Bwana Pelham alikuwa ameshaondoka kama nilivyosema, na aliyemfuata alikuja na ramani: darasa la tano na la sita wavuke barabara. Bi. Hughes alifungua droo, akautoa ukurasa ule. Wazazi ikabidi waulizwe. Walijaa ukumbini mpaka wengine wakasimama nje kwenye mvua, wenye hijabu na wenye kofia za kanisani, nami nilikuwa miongoni mwao, nimekuja kama mstaafu tu. Ramani ilikunjwa, na mpaka leo ninapoandika haijafunguliwa tena.

Juma lililopita Mghoi alinipigia simu kutoka Mombasa. Sasa ni mama wa watu wazima. Alilelewa vizuri kwa mjomba, hakukosa chakula wala shule. Lakini ananisemesha kwa heshima nyingi mno, kama mtu anavyomsemesha shangazi aliyekutana naye harusini. Nilimsimulia habari ya karatasi, ambayo sikuwahi kumsimulia, na kwa nini niliidai.

"Dada," akasema, "siku ile ya kikao, mimi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu. Ulikuwa umelala."

"Ungeniamsha," akasema. "Ningelia. Pengine wangeandika."

Ilikuwa saa tisa na robo, na mtaa wangu ulikuwa umeanza kujaa, kwa sababu shule ilikuwa imetoka.

"Kelele gani hizo?" akauliza.

"Watoto wanakwenda nyumbani."

"Na nani?"

Nikasogea dirishani. "Wengine na mama zao. Wengine wakubwa wamewashika wadogo mkono."

"Wote wa shule moja?"

"Shule moja."

Nilitaka kufunga dirisha ili tusikizane vizuri. Akanisikia nikivuta kitasa.

"Usifunge, dada," akasema. "Liache wazi mpaka wapite."